Mama Mdogo wa Chiriku

"Mama yako ni nani?"

"Wewe."

"Usiseme 'wewe'. Atakayekuuliza si mimi, ni afisa. Taja jina langu lote, mwanzo mpaka mwisho."

Mtoto alilitaja huku akibembeza miguu chini ya kiti, kama anayeghani shairi la darasani.

"Vizuri. Na yule pale ni nani?" Dada alielekeza kidevu jikoni.

"Mama mdogo."

"Mdogo wa nani?"

"Mdogo wako wewe. Mama, nimechoka. Nikijibu yote nitapewa nini?"

"Utapewa kadi."

"Ya kucheza?"

"Ya kukaa," alisema Dada, na mumewe, aliyekuwa mlangoni anafunga kamba za viatu aende zamu, akacheka mpaka akakosea fundo.

Jikoni, mama mdogo hakucheka. Alikuwa anasugua sufuria iliyotakata zamani, na kila mtoto alipojibu vizuri, mkono wake ulizidi nguvu.

Maana mambo ya nyumba ile yalikuwa kichwa chini miguu juu. Mtoto yule, ambaye kwa kelele zake kila mtu alimwita Chiriku, alitoka tumboni mwa huyu aliyekuwa jikoni. Baba yake aliingia mitini kabla mtoto hajaota jino. Dada, aliyekuwa ametangulia ugenini na mumewe na kupata kibali cha ukaazi, akasema mleteni kwangu, huku kuna shule na hospitali. Lakini sheria ya huko ilimruhusu mtu kuleta mtoto wake wa kumzaa, si wa ndugu yake. Basi kikatafutwa cheti cha kuzaliwa kinachosema Dada ndiye mama, kikapatikana kwa njia zinazopatikana, na Chiriku akapanda ndege akiwa na miaka minne, bado ananyonya kidole. Mama yake alibaki nyuma akiomba visa. Aliomba akanyimwa, akaomba tena akanyimwa. Alipokuja kuipata, visa ya kazi ya mwaka mmoja mmoja katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, mtoto alikuwa na miaka minane na mama mwingine.

Kwa haki ya ukoo, Dada ndiye aliyepaswa kuitwa mama mkubwa. Karatasi zikampandisha akawa mama, na aliyezaa zikamshusha akawa mama mdogo nyumbani kwa mtoto wake mwenyewe.

"Ukifika tu tutamwambia," Dada alikuwa amemwahidi kwenye simu. Alipofika ikawa, subiri amalize muhula. Muhula ukaisha, ikawa, subiri kadi yake ya kudumu itoke. "Mtoto hajui kuficha. Akilijua leo jioni, kesho asubuhi mwalimu analo. Wakigundua, yeye anarudishwa, na mimi na shemeji yako tunamfuata." Maneno hayo yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomchoma Mpiga Pasi, kama shemeji yake alivyopenda kumwita kwa utani wa kazi yake. Angepata hata neno moja la kijinga, angelikamata akagombana nalo.

Lakini moyo haujui akili. Alilala kwenye kochi la sebuleni, kwa sababu Dada alisema mtoto amezoea chumba chake peke yake. Asubuhi aliamka akisikia Dada anamsuka Chiriku huko ndani, wawili hao wakicheka mambo ambayo hakujua yalianza lini. Akiingia, kicheko kilipungua kidogo, kama redio inayopunguzwa sauti mgeni akibisha hodi.

*

Kulikuwa na lile koti. Baridi ilipoanza aliomba zamu za ziada, akasimama kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka mpaka vifundo vya miguu vikamvimba, akanunua koti jekundu lenye kofia. Aliliacha kwenye kochi likiwa ndani ya mfuko, akaenda kazini akiwaza jinsi atakavyomvisha jioni. Aliporudi, Chiriku alikuwa anazunguka nalo sebuleni na Dada anampigia makofi.

"Nililiona limelala tu," Dada alisema. "Nikaona nimjaribishe."

Kesho yake Mpiga Pasi ndiye aliyempeleka shule. Mwalimu wa zamu getini akainama. "Lo, koti zuri! Nani kakununulia?"

"Mama!" alisema Chiriku.

Mwalimu akamwangalia Mpiga Pasi, aliyekuwa amebeba mkoba wa mtoto. "Na wewe ndiye dada wa kazi?"

"Mimi ni mama yake mdogo," alijibu, na njia nzima ya kwenda kiwandani neno hilo likakaa mdomoni kama punje ya mchanga kwenye wali.

Kisha siku nyingine, Jumamosi, walikuwa uwanjani chini ya maghorofa. Dada amekaa kwenye benchi la mbali na simu yake, Mpiga Pasi amesimama karibu na bembea. Chiriku akaruka bembea ikiwa juu, akaangukia goti. Alinyanyuka damu inachuruzika, mdomo wazi, sauti bado haijatoka. Mpiga Pasi alipiga magoti na kufungua mikono. Mtoto alikuja mbio, mbio, akampita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, akaenda kujitupa kifuani kwa Dada huko mbali.

Yeye akabaki amepiga magoti mikono wazi. Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu wake alimtazama, akageuza uso kwa adabu. Afadhali angecheka.

*

Barua ya uhamiaji ilitaka watu wazima wote wa nyumba wafike pamoja na mtoto. Ofisi yenyewe ilikuwa ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja, hivyo mmoja akijitikisa safu nzima inatikisika. Waliketi wanne, wamevaa kama wanaokwenda harusini, kila mmoja amebana mikono mapajani.

Aliyewaita alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuwa mkali. Alimtania Chiriku, akamuuliza mama yake ni nani, mtoto akataja jina zima na kuongeza, bila kuulizwa, kwamba mama anapika vizuri lakini anaunguza maandazi. Afisa akacheka, akampeleka kwa msichana wa chumba cha michezo, akarudi na kufunga mlango.

"Faili lake liko sawa," alisema, akivaa miwani. "Mimi hupenda tu kusikia kwa mdomo. Nisimulie, mama, siku aliyozaliwa."

Shemeji akakohoa. Dada akajiweka sawa kitini, akaanza.

Alisimulia vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Alisema uchungu ulimshika alfajiri, akaamka kuchota maji na mgongo ukakataa. Alisema alitembezwa mpaka zahanati, mkono mmoja kiunoni mwingine kwa jirani. Alisema mtoto alitoka jua linachomoza, kilio chake kikaamsha wodi nzima, na mkunga akasema, "Huyu atakuwa msemaji." Aliposema hivyo, Dada aliweka mkono tumboni, na machozi yakamlenga ya kweli kabisa.

Mpiga Pasi alikuwa anautazama ule mkono. Mengine yote alikuwa amevumilia: jina, chumba, koti, goti la damu. Lakini siku ile ilikuwa yake. Jirani aliyemsindikiza alikuwa wake, na Dada hata mkoani hakuwepo. Sasa mtu amekaa kwenye kiti cha serikali anazaa kwa mdomo, tena kirahisi hivyo, jua linachomoza na kilio kimoja, kama kuku anayetaga.

"Haikuwa alfajiri," alisema.

Shemeji alimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuusikia.

"Ilikuwa jioni, na mvua inapiga bati hata mkunga hasikiki. Alitanguliza miguu. Alitoka wa bluu, kimya, hakulia kabisa. Mkunga alimshika miguu akamning'iniza akampiga, akampiga, mpaka nikadhani..."

 Afisa alivua miwani taratibu.

"Mpaka ukadhani nini?"

"Tulidhani amekufa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Afisa alimtazama Dada, akarudi kumtazama yeye, na hasa mdomo wake, ule mwanya wa meno ya mbele, uleule ambao mtoto alikuwa ameuonyesha dakika chache nyuma akicheka habari za maandazi. Kisha akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko ambavyo jambo jema lingechukua.

"Sisemi kitu," alisema mwishowe, kwa sauti ileile ya upole. "Uchungu humsahaulisha mtu saa. Lakini nitaomba kipimo cha DNA, cha mtoto na cha mama. Mtaletewa tarehe."

*

Walipofika nyumbani, Chiriku alipelekwa kwanza kwa jirani kucheza. Hapo Dada alifunga mlango akauegemea.

"Kilikuwasha nini?"

"Dada, sikukusudia."

"Nakuuliza, kilikuwasha nini? Mwanamke amesema faili liko sawa! Tulikuwa tumebakiza kuagana! Umetuchinja wote, na huyo mtoto unayesema unampenda umemtanguliza machinjioni."

"Ulikuwa unausimulia uchungu wangu."

"Nilikuwa nasimulia cheti!"

"Uliweka mkono tumboni."

 Shemeji, aliyekuwa jikoni anajifanya kuchemsha maji, akasema, "Jamani, tutafute njia, tusitafutane ubaya."

"Wewe nyamaza," wakamwambia wote wawili, na hilo ndilo neno pekee walilokubaliana siku ile.

"Haya, uchungu ni wako," Dada aliendelea, sauti imeshuka, na iliposhuka ndipo ilipotisha. "Na tetekuwanga? Nani alikesha anamshika mikono asijikune? Siku ya kwanza ya shule, alipojikojolea mlangoni, nani alivua kanga akamfunga? Wewe ulizaa siku moja, mdogo wangu. Mimi namzaa kila siku asubuhi, miaka mitano."

Lilikuwa neno la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli Mpiga Pasi alitafuta la kulipiza, akaokota la chini kabisa.

"Ungezaa wako usingeng'ang'ania wangu."

Kule jikoni jiko lilizimwa. Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kulitamka hilo mbele ya Dada; hata mama mkwe, ambaye ulimi wake ulijulikana, alikuwa analizunguka. Dada hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na shuka la kochi, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka mikononi mwa mdogo wake kama mtu anayemrudishia mgeni mzigo wake. Kisha akaenda kwa jirani kumchukua mtoto.

Hakuwa amemfukuza, na Mpiga Pasi hakuondoka, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

*

Shemeji ndiye aliyepata mshauri. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la kutengeneza simu, chumba kimoja chenye mabango ya "Usisaini usichokielewa". Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba anayetafuna karanga kutoka kwenye bahasha, na hakushtuka kwa chochote walichomwambia, jambo lililowatuliza na kuwaudhi kwa pamoja.

"Kipimo hakina undugu," alisema. "Kikishasema, wataita udanganyifu, na mtoto ataondolewa pamoja na nyie. Nendeni wenyewe kabla hamjaitwa. Anayejipeleka hupigwa faini, na ombi la uraia alilokwisha kupeleka huyu mama litarudishwa nyuma miaka kadhaa. Lakini mtabaki."

"Na mtoto?" Dada aliuliza.

"Mtoto ana njia mbili." Alisukuma karanga pembeni. "Wewe uliyemzaa, visa yako ni ya kazi, haikuruhusu kuwa na mtoto hapa. Kama ni wako, basi unarudi naye kwenu. Au dada yako anamwasili mbele ya hakimu. Mtoto aliyelelewa na ndugu muda wote huo, mahakama hukubali. Atakuwa mwanawe kisheria na atapata kadi yake. Ila sharti mama mzazi aseme mwenyewe kwamba anamtoa."

"Anamtoa," Mpiga Pasi alirudia.

"Ndiyo lugha yao, dada yangu. Mimi sikuitunga."

Hivyo ikawa kwamba mahali pa kwanza katika nchi ile palipokuwa tayari kuandika kuwa yeye ni mama, ni pale ambapo angeacha kuwa mama. Dada aliyasikia maneno hayo pia, na Mpiga Pasi akaona, japo Dada aliinamisha uso upesi, cheche ndogo ya furaha ikipita. Aliiona, na akaapa moyoni hatampa. Atarudi na mwanawe. Watakula walichonacho, atalala naye kitanda kimoja, na Dada atabaki ugenini na kadi yake ya plastiki, aikumbatie hiyo.

Siku kadhaa alitembea na kiapo hicho na kikampa nguvu ya ajabu. Kiwandani alipiga pasi mashuka kama anayemaliza vita. Jioni moja Dada akiwa zamu na shemeji bafuni, alikaa sakafuni karibu na Chiriku aliyekuwa anapaka rangi ramani ya shule.

"Ungependa kwenda nyumbani kwa bibi?"

"Kutembea? Eeh!"

"Kukaa."

Rangi ilisimama. "Kukaa mpaka lini?"

"Kukaa tu. Mimi na wewe."

"Na mama?"

"Mama yako atabaki na kazi."

Chiriku aliwaza. Alikuwa mtoto wa adabu na hakutaka kumuudhi mama mdogo, hilo lilionekana kabisa usoni. "Wewe tangulia," alisema hatimaye, akimpapasa goti kama mtu mzima anayemfariji mgonjwa. "Mimi na mama tutakuja likizo. Tutakuletea zawadi."

Kisha akarudi kwenye ramani yake.

*

Walimwambia Chiriku Jumapili mchana, wote watatu wameketi naye mezani. Dada alianza akashindwa. Shemeji alianza kwa mfano wa mche unaohamishwa bustani, akapotelea njiani. Mwishowe Mpiga Pasi alisema moja kwa moja: "Mimi ndiye niliyekuzaa. Dada yangu akakulea kwa sababu mimi nilikuwa mbali."

Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa mwaka mzima. Kila usiku kwenye kochi aliona jinsi mtoto atakavyomrukia shingoni. Chiriku hakuruka. Alimgeukia Dada, uso umesawijika.

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Sikuachi, mwanangu, nani amesema—"

"Si umesema mimi si wako?" Na sauti ile iliyozoeleka kujaza nyumba ikapasuka. Alipanda mapajani kwa Dada, miguu mirefu ikining'inia, akamkaba shingo. Dada alimfunga mikono, macho yake yakakutana na ya mdogo wake juu ya kichwa cha mtoto. Safari hii hakukuwa na cheche ya furaha. Kulikuwa na hofu tu.

Kilio kilipokwisha, Chiriku aligeuza shavu akauliza, bila kumwangalia vizuri: "Kwa nini hukuja?"

"Niliomba visa."

"Wakakunyima?"

"Mara mbili."

Mtoto akaitikia kwa kichwa taratibu. Alizaliwa kwingine lakini alikulia katika nyumba ya wahamiaji, na jambo hilo alilielewa kuliko mengine yote waliyomweleza mchana ule. "Walimnyima na baba yake rafiki yangu," alisema. Kisha akanyamaza, na alinyamaza wiki nzima, hata mwalimu akapiga simu kuuliza kama Chiriku anaumwa.

Kimya kile ndicho kilichovunja kiapo. Mpiga Pasi angeweza kumpora Dada. Mtoto hangeporeka, angebebwa tu kama sanduku. Na bado, alipomwambia shemeji kwamba atakubali, hakusema kwa wema. Alisema kama anayetema kitu.

*

Hakimu alikuwa na mafua. Alifuta pua, akasoma majina, akamwomba Mpiga Pasi asimame. Dada na mumewe, waliokwisha kujipeleka uhamiaji na kulipa faini, walikaa upande mwingine na wakili waliyemlipa kwa kuuza gari.

"Wewe ni nani kwa mtoto huyu?"

"Mama yake."

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Karani aliliandika. Alimwona akiliandika.

"Unaelewa kwamba ukikubali, huyu ndiye atakuwa mama yake kwa kila jambo? Shule, hospitali, safari?"

"Naelewa."

"Na unakubali kwa hiari yako?"

 Alimwangalia Dada. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani la sherehe, ameshika mkoba mapajani, anafungua na kufunga kishikizo chake. Dada huyu, mwenye nyumba, mwenye kibali, mwenye mume, mwenye kila alichokuwa anakiona usingizini, alikuwa amesimamishwa kwa neno moja lililo mdomoni mwa mpiga pasi. Mpiga Pasi alilishikilia. Alijua ni vibaya na akalishikilia hivyohivyo, mpaka hakimu akainua macho kutoka kwenye leso.

"Mama?"

"Nakubali."

Nje, kwenye ngazi, Dada alimshika mkono. "Mdogo wangu, sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru. Sikukupa wewe. Nimempa yeye."

Dada akaachia mkono. "Lile neno lako la siku ile," alisema, akitazama barabara, "nililia miezi kwa ajili ya neno hilo kabla hata hujalisema. Nilikuwa namwogesha Chiriku naona ule mwanya, naona wewe. Kila siku naona wewe. Hukuwahi kujua, ulidhani mwenye wivu ni wewe peke yako."

 Wakamsubiri shemeji, aliyekuwa anauliza basi la kurudia.

*

Mwisho wa mwezi alihama. Alipata chumba karibu na kiwanda, ghorofa ya pili, chenye dirisha la barabarani, kitanda na meza ya kukunja. Mvuke wa kiwanda ulipanda mpaka chumbani, lakini alitundika mapazia aliyoyapiga pasi mwenyewe, na ndani hakuna mtu aliyepunguza kicheko alipoingia.

Walikubaliana Chiriku awe anakuja Jumapili. Jumapili ya kwanza Dada alimleta mpaka mlango wa chini na kukataa kupanda. "Nina shughuli zangu," alisema kwenye kipaza sauti cha kengele ya mlango. "Nitamfuata saa kumi."

Mtoto alipanda peke yake. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kitanda kama aliyeko hospitali. Kisha akaanza kuuliza: kwa nini chumba kinanuka sabuni, choo kiko wapi, pasi za kiwandani ni kubwa kiasi gani, mtu akiungua inakuwaje. Kufikia kikombe cha pili cha chai alikuwa anasimulia ugomvi mzima wa darasani, akiigiza sauti zote. Hakumwita mama mdogo, wala mama. Hakumwita kitu, alimvuta tu mkono wa nguo kila alipotaka asikilizwe, na Mpiga Pasi akaona hiyo nayo inatosha kwa siku ya kwanza.

Aliinuka kufungua dirisha, chumba kilikuwa kimejaa mvuke. Chini, ng'ambo ya barabara, Dada alikuwa amesimama. Hakuwa amekwenda shughulini kokote. Alijibanza kwenye ukuta wa duka lililofungwa, kola ameipandisha, mikono kwapani, anakanyaga chini mguu huu na ule kwa baridi, na macho yake yako juu dirishani. Alipoona pazia linasogea alijifanya anasoma tangazo la dukani.

Mpiga Pasi alisimama nyuma ya pazia akimtazama. Kwanza alifurahi, hakuna haja ya kuficha. Alirudisha pazia, akaketi, akamwacha. Chiriku akaendelea na habari zake, akacheka, na kicheko kile kikatoka dirishani kikashuka barabarani ambako lazima kilisikika. Akajua jinsi kinavyoingia masikioni. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama hivyo mwaka mzima, tena ndani ya nyumba.

Aliinuka tena, akasukuma dirisha wazi kabisa.

"Dada!" aliita. "Unasimama hapo kama mdai, watu watadhani nina deni. Panda!"

Dada alitazama kushoto na kulia, kana kwamba huenda ameitwa mwingine.

"Nina kiti kimoja tu," Mpiga Pasi alisema. "Utakaa kitandani na mtoto."

Akashuka kumfungulia mlango.